Kibao cha Bado

Kabati la mvuke liko pembeni ya mashine ya malipo, mkono wa kushoto ukiingia, na wenye miwani wakisimama mbele yake huwa hawaoni kitu kwa muda. Rafu ya juu ni ya mikate ya nyama. Ya kati ni ya mikate ya maharage matamu. Ya chini ni ile ya rangi ya chungwa, yenye jibini na nyanya ndani, ambayo wazee wa mji wetu huitazama kama kitu kilichokosea duka. Mbele ya kila rafu kinaning'inia kibao kidogo cha plastiki. Kikiwa upande mweupe, mikate imeiva, sema unachotaka. Kikiwa upande mwekundu, kina neno moja tu: bado.

Anayegeuza vibao hivyo ni Kuga Masayo, jirani yetu, ambaye mimi humwita shangazi ingawa hatuna undugu wa damu. Amevigeuza tangu duka lilipofunguliwa, kabla sijazaliwa. Zamani pale palikuwa na duka la mchele la baba yake Bwana Egashira. Wanunuzi wa mchele walipopungua, Bwana Egashira akabomoa, akajenga konbini, duka lisilofungwa usiku wala mchana, na mtu wa kwanza kumwajiri alikuwa shangazi Masayo, ambaye kiwanda cha kushona mashati kilikuwa kimemwachisha kazi. Alimwambia Bwana Egashira kwamba hajui kutumia mashine ya malipo. Bwana Egashira akamjibu kwamba hata yeye hajui.

Mji wetu ulikuwa wa makaa ya mawe. Makaa yaliisha, kikabaki kilima cha taka za mgodi ambacho sasa kimeota miti, na wageni hudhani ni mlima wa kweli. Baba yake shangazi alikuwa mchimbaji. Yeye mwenyewe alizaliwa katika zile nyumba ndefu za wachimbaji, zilizogawanywa kwa kuta nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kuinuka kitandani. Anasema njaa ya utoto wake ilikuwa na harufu, na harufu yenyewe ilikuwa ya chakula cha watu wengine. Labda ndiyo sababu anapenda kabati lile. Mikono yake ina wekundu usiotoka, wa mvuke, kuanzia vidoleni mpaka juu kidogo ya kifundo, kana kwamba amevaa glavu za ngozi yake mwenyewe.

Sisi wa sekondari tukitoka shule majira ya baridi hatuendi nyumbani moja kwa moja. Tunapita pale. Yuzuki, rafiki yangu, hununua kuku wa kukaanga kutoka kabati la kioo, kisha tonge la wali la pembetatu lenye samaki ndani, kisha anasema hana njaa. Siku za theluji chache tunazopata huku kusini, tunanunua figili na yai kutoka kwenye sufuria ya mchuzi, tunakunywa mchuzi mpaka tone la mwisho. Lakini mimi ni mtu wa mkate wa nyama. Unaupokea kwenye karatasi, unauhamisha mkono huu na ule kwa sababu unaunguza, unabandua karatasi nyembamba ya chini ambayo siku zote huondoka na ngozi kidogo, na ngozi hiyo unaila kwanza kwa meno ya mbele. Ndipo unaupasua. Mvuke unatoka na harufu ya kitunguu na tangawizi, na usoni unapata joto kabla mdomo haujapata kitu. Huku kwetu unapewa na kipakiti cha siki iliyochanganywa na sosi ya soya. Binamu yangu wa Tokyo alipokuja alikishika kipakiti kile akauliza ni cha nini, tukamhurumia wote.

Yuzuki anasema nakula mkate kama mtu anayesoma barua. Shangazi Masayo naye akituona tumeganda mlangoni, mifuko ya shule chini, huja na ufagio na kutuambia tusogee, sisi si matangazo ya biashara.

Mume wake, Mzee Teruo, alikuwa fundi wa vigae vya paa. Alipostaafu, kazi yake ikawa kumfuata mkewe kila jioni kwa baiskeli, jua likiwa bado halijazama. Aliegesha karibu na mapipa ya taka, akaingia, akasimama mbele ya kabati kama mteja asiyejulikana.

"Mama, nipe mmoja wa nyama, ulionona."

"Yote imenona sawasawa, mzee. Aliyekonda ni mteja."

Maneno hayo hayo, kila siku, na kila siku Yuzuki alicheka. Mzee Teruo hakuula mkate wake palepale. Aliuingiza ndani ya koti, upande wa kifua, akafunga zipu mpaka kidevuni. Niliwahi kumwuliza kwa nini. Akaniambia kwamba juu ya paa mwezi wa kwanza vidole vinakufa ganzi, huwezi kushika kigae, kwa hiyo mafundi walipeana mkate mmoja wa moto, ukapita kifua hadi kifua, na wa mwisho ndiye aliyeula. Alizoea. Akaongeza kwamba yeye alipenda kuwa wa mwisho.

Alikufa majira ya baridi yaliyopita. Alilala vizuri, asubuhi hakuamka. Mama yangu alisikia shangazi akiita jina lake mara moja tu ng'ambo ya ukuta, si kwa sauti kubwa, na akajua.

Siku ileile akaja Bi Fusae, dada mkubwa wa marehemu, kutoka mji wa pwani ambako aliolewa zamani. Ni mwanamke mrefu, mgongo umenyooka, anayepiga magoti pasipo kushika kitu na kuinuka pasipo kushika kitu. Mama yao alifariki Mzee Teruo akiwa mchanga, kwa hiyo Bi Fusae ndiye aliyemlea, amemfunga mgongoni, na yeye mwenyewe bado mtoto. Baadaye maisha yakawatenga, wakawa wanaonana kwenye misiba. Alikuja kuhakikisha mambo yote yanafanywa kama inavyotakiwa, na shangazi Masayo, aliyekuwa kama mtu aliyelewa usingizi, alimwachia.

Bi Fusae ndiye aliyelikunjua koti la mdogo wake ili alitundike. Ndani, upande wa kifua, akakuta nusu ya mkate, imefungwa vizuri katika karatasi ya duka. Mkate wa maharage.

Nilikuwepo. Mama alinituma na machungwa. Bi Fusae aliushika ule mkate baridi kwa mikono miwili, akaketi sakafuni na koti mapajani. Alisema kwamba utotoni mwao sukari ilikuwa adimu kama dhahabu, na kila walipopata mkate wa maharage alimpa mdogo wake fungu lake pia, akamwangalia akila. Alisema: "Kumbe mpaka siku ya mwisho, ndicho alichokuwa anakipenda." Kisha akalia, mara ya kwanza tangu afike. Shangazi Masayo alifungua mdomo, akaufunga.

Ile nusu waliiweka ndani ya jeneza, karibu na mkono wa kulia, ikachomwa pamoja naye.

Kuanzia hapo, mifupa ilikaa nyumbani ndani ya sanduku dogo lililofungwa kitambaa cheupe, picha ikawa nyuma yake, mshumaa na ubani mbele, mpaka siku ya arobaini na tisa ambapo marehemu humaliza safari yake na mifupa hupelekwa hekaluni. Muda huo wote yuko njiani. Bi Fusae akaamua kwamba kila jioni wifi yake akitoka kazini alete mkate wa maharage, wa moto, uwekwe mezani kwa marehemu. Shangazi Masayo akaitika.

Mimi na Yuzuki tuliona jambo hilo dukani na hatukulielewa. Shangazi alirudi kazini mapema, akasema nyumbani kuna ukimya mwingi. Akimaliza zamu, anavua aproni, anajihudumia mwenyewe kutoka rafu ya kati, anafunga mkate ndani ya skafu na kuondoka kwa miguu, kwa sababu baiskeli ilikuwa ya mume wake na yeye hajawahi kujifunza. Lakini Mzee Teruo hakula kitu kitamu. Mji mzima unajua. Watoto walipompa peremende siku ya sherehe za mtaa alizirudisha kwao moja moja, akisema meno yake ni ya kutafunia misumari tu. Nilimwambia Yuzuki labda tumwambie Bi Fusae. Yuzuki akaniuliza kama nina wazimu.

Mimi nikienda kule na vyombo vya mama, huwa nauliza maswali. Najua si vizuri, lakini hutoka yenyewe. Nilimwuliza Bi Fusae kwa nini marehemu hapewi nyama. Hakukasirika. Aliniambia kwamba aliyekufa yuko safarini, na njia ile haipitwi na mtu anayenukia damu, kwa hiyo waliobaki nyumbani nao wanajinyima nyama, ili wasimvute nyuma. Nikamwuliza, sasa chakula chenyewe anakilaje, kama hana mdomo.

"Hali chakula, mwanangu. Anakula moshi wa ubani na mvuke wa chakula. Ndiyo maana lazima kije cha moto. Kikipoa, amemaliza."

Nilirudi nyumbani nikilifikiria hilo. Usiku ule wali wangu niliuangalia unavyotoa mvuke, nikaona aibu kidogo kuupuliza.

Siku chache baadaye niliona kitu ambacho sikutakiwa kukiona. Shangazi Masayo alifika na skafu yake, akapiga magoti mezani, akaweka mkate wa maharage kwenye sahani. Halafu, haraka, akatoa mkate wa pili, wenye mikunjo juu kama ilivyo ya nyama, kutoka kwenye mkono wa sweta yake, akausukuma nyuma ya picha. Bi Fusae alikuwa jikoni anaosha mboga, maji yanamwagika. Maji yakafungwa.

"Wifi," alisema kutoka kulekule. "Kitunguu hicho."

Hapakuwa na ugomvi. Bi Fusae alikuja akipangusa mikono, akauchukua mkate wa nyama, akainamisha kichwa mbele ya picha kumwomba radhi mdogo wake, akautoa nje. Shangazi alibaki ameketi na mikono mapajani. Ndipo nikaelewa kwamba hakuna namna ya kumpenyezea mumewe mkate ule. Kingine chochote unaweza kukificha chini ya kitambaa. Lakini anachokula marehemu ni harufu, na harufu ndiyo inayokwenda mpaka jikoni kusema.

Kesho yake nilimkuta dukani amesimama mbele ya kabati, rafu ya juu imetoka kujazwa, kibao chekundu. Hapakuwa na wateja. Bwana Egashira alikuwa nyuma anapokea maboksi. Nilimwambia kwamba jana niliona. Hakugeuka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo, pale pale palipokwisha kuwa safi, na akasema bila mimi kumwuliza zaidi.

"Jioni yake ya mwisho timu ya besiboli ilikuwa imepita, wamemaliza rafu yote ya juu. Nikajaza mingine, nikageuza kibao. Mzee akaja. Akasoma, bado. Akasema, basi nitangoja. Nikamwambia usingoje, mzee, kuna baridi, chukua wa maharage umeiva. Nikamwekea mkononi." Alikunja kitambaa mara mbili. "Akaula nusu mbele yangu ili nisijisikie vibaya. Akasema mtamu. Alitaka kungoja, Hinano. Mimi ndiye niliyemharakisha."

Nilimwuliza kwa nini hamwambii Bi Fusae.

"Nusu ile ndiyo kitu pekee alichokipata kwa mdogo wake. Nimpokonye hata hicho?"

Basi akaniambia anachokitaka. Hakikuwa kikubwa. Alitaka mume wake apate mkate wa nyama mmoja, umeiva, kabla hajafika anakokwenda. Baada ya ibada ya siku ile ya mwisho familia huketi kwenye karamu na kula nyama tena, samaki, kila kitu, kuonyesha kwamba kujinyima kumekwisha. Lakini hapo yeye atakuwa ameshaondoka. Wao wataruhusiwa nyama saa ileile ambayo yeye hayupo tena kuinusa. Alisema amelifikiria kila upande na haoni mlango.

Kengele ya kabati ikalia. Akageuza kibao, kikawa cheupe, akaniuliza kama kawaida nataka nini. Nilinunua mmoja. Nilipofika nje sikuweza kuupasua. Nilimpa Yuzuki, akaniuliza kama naumwa.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mlango wa kabati lile. Ni wa kioo, unateleza kando, na shangazi Masayo alikuwa mkali juu yake kuliko kitu chochote dukani. Wafanyakazi wapya wote walifundishwa na yeye: fungua, koleo liingie, koleo litoke, funga. Ukiuacha wazi joto linatoka, mikate inakuwa na ngozi ngumu, kampuni inataka itupwe. Kijana mmoja aliyesahau kufunga wakati anazungumza na mchumba wake aliambiwa na shangazi, mbele ya wateja, kwamba akitaka kupasha moto barabara aende na jiko lake. Alibaki anaitwa Jiko mpaka alipoacha kazi.

Siku ya arobaini na tisa iliangukia Jumamosi, miti ya plamu imeanza kuchanua na baridi imekataa kuondoka. Nilikuwa naelekea mazoezi ya bendi shuleni, tarumbeta mgongoni, nikaingia dukani kununua maziwa ya moto. Bwana Egashira mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye malipo. Walikuwepo dereva wa lori na mama mmoja na mtoto wake, basi.

Gari jeusi likaingia kwenye maegesho. Nilimjua anayeliendesha, ni mpwa wao, mtoto wa ndugu yao wa mbali kidogo, na nyuma walikaa wanawake wawili katika nguo nyeusi. Hekalu liko juu, upande wa pili wa kilima cha makaa, na barabara inapita hapa. Nilidhani mtu anataka kwenda msalani. Sisi sote hapa tukiwa njiani tukibanwa tunaingia konbini, hata kwenye harusi, hata kwenye mazishi. Baadaye nilisikia ndivyo shangazi alivyomwambia mpwa.

Lakini aliingia akiwa amebeba sanduku. Mfiwa mkuu ndiye anayebeba mifupa, na mifupa haiachwi garini kama mwavuli, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, pengine hata Bi Fusae hakushangaa. Shangazi alipita vyumba vya msalani bila kuingia. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye kabati, upande wa wateja, akasimama pale alipokuwa akisimama mume wake.

Rafu ya juu ilikuwa na kibao chekundu.

Alikisoma. Nilimwona anakisoma kabisa, neno lile moja, kama vile hajawahi kuliona. Bwana Egashira alimwangalia, akaangalia sanduku, akaweka mikono yake juu ya meza na kuiacha hapo. Angeweza kukigeuza. Hakuna ambaye angejua. Lakini mikate ilikuwa haijaiva, na nadhani wote wawili walikuwa watu wa kabati lile kwa miaka mingi mno kuweza kudanganya kuhusu hilo.

Shangazi akasema: "Basi tutangoja."

Tukangoja. Mama yule alimwambia mtoto wake kwa sauti ya chini asishike kitu. Dereva wa lori, aliyekuwa ameshika kahawa yake tayari kulipa, alivua kofia akaibana kwapani. Muziki wa duka uliendelea kuimba juu ya punguzo la aiskrimu. Nje, mpwa alitoka garini, akatazama saa, akarudi ndani. Sijui ilichukua muda gani. Maziwa yangu yalipoa mkononi.

Kengele ikalia. Shangazi alizunguka meza, akiwa na sanduku kifuani, kwa mkono mmoja, kama mtu aliyebeba mtoto na ana kazi ya kufanya. Akageuza kibao. Akarudi upande wa wateja, kisha akanyoosha mkono juu ya meza na kuusukuma mlango wa kabati, ukafunguka wote.

Mvuke ulitoka kwa wingi kuliko nilivyowahi kuuona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuacha utoke. Uliangukia sanduku. Kitambaa cheupe kikalowa kidogo, kikashika kwenye kona za mbao. Harufu ya kitunguu na tangawizi na nyama ikajaa mpaka kwenye rafu za magazeti. Shangazi alisogea karibu zaidi, mpaka nywele zake alizozichana kwa ajili ya hekalu zikaanza kujikunja.

"Teruo," alisema, "imeiva sasa."

Hapo nikamwona Bi Fusae. Alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma kidogo, karibu na miavuli, rozari ya hekaluni imemzunguka mkononi. Sijui alisimama pale tangu lini. Shangazi naye alimwona, kwenye kioo cha kabati, na mabega yake yakaanguka, lakini hakufunga mlango na hakuondoa sanduku. Alisema bila kugeuka kwamba mume wake hakupenda maharage hata siku moja. Kwamba mkate ule alimpa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu ya baridi na haraka. Kwamba anaomba radhi kwa kumwacha wifi yake aamini kitu kingine siku zote hizi.

Nilifikiri sasa Bi Fusae atachukua sanduku. Uso wake haukubadilika, ila mkono wenye rozari ulianza kuzihesabu shanga, na haukuwa unasali.

"Basi hata yale niliyokuwa nampa mimi," alisema, kisha hakumaliza.

"Alikula," shangazi alisema.

"Alikula yote. Fungu lake na langu." Bi Fusae alitazama mvuke. "Akasema mtamu."

Mikate ya rafu ya juu ilikuwa imeanza kupoteza mng'ao wake. Bwana Egashira alitoka nyuma ya meza, akaenda kupanga magazeti ambayo yalikuwa yamepangwa. Shangazi, kwa mazoea ya miaka yake yote, alinyoosha mkono kuufunga mlango.

"Usiufunge," Bi Fusae alisema. "Bado."

Alikuja akasimama kando ya wifi yake. Waliinamisha vichwa pamoja, nguo nyeusi mbili na kitambaa cheupe katikati, na mvuke ukawapita juu mpaka taa. Ulipopungua ukawa mwembamba, Bi Fusae mwenyewe ndiye aliyeusukuma mlango mahali pake. Akamwomba Bwana Egashira mkate mmoja wa nyama. Bwana Egashira aliufunga kwenye karatasi na, kwa kuzoea tu, akaweka na kipakiti cha siki. Nilidhani ataupeleka kwenye meza ya hekalu, nikawaza kasisi atasema nini. Hakuupeleka kokote. Alifungua kifungo cha koti lake la maombolezo, akauingiza ndani, upande wa kifua, akafunga mpaka shingoni.

"Nitaula baada ya ibada," alimwambia wifi yake. "Wewe utakula nusu."

Walipotoka, mpwa aliwafungulia mlango wa gari, akanusa, akamwangalia mmoja kisha mwingine. Gari likapanda barabara ya kilimani. Dereva wa lori alivaa kofia yake, akalipa kahawa, na mimi nilichelewa mazoezi.

Bi Fusae alirudi kwake wiki iliyofuata. Mama anasema huwa anapiga simu siku za Jumapili, na wanazungumza muda mrefu, shangazi anacheka mpaka unamsikia ng'ambo ya ukuta. Baiskeli ameipeleka kwa fundi akaishushia kiti. Kila asubuhi anaisukuma mpaka uwanja wa shule ya msingi, anapanda, anakwenda kidogo, anashuka. Yuzuki aliwahi kumwambia kwamba hata kobe wamemlalamikia. Akamjibu Yuzuki kwamba anayekula kuku bila njaa asizungumzie mwendo wa watu.

Kabati waliliondoa joto lilipoanza, na majira ya kupukutika kwa majani likarudi mahali pake. Safari hii kuna kitu kimeongezeka. Chini yake, upande wa wateja, pana kiti kidogo cha kukunja. Bwana Egashira anasema kampuni haijui. Ukifika ukakuta kibao chekundu kwenye rafu ya juu, ukaanza kusema basi nipe ile nyingine, shangazi Masayo hakupi. Anakuelekeza kwenye kiti kwa koleo lake. Wanafunzi, wazee, madereva, wote wanakaa. Juzi nilikaa mimi, mvua nje, mfuko wa shule magotini, na yeye akaendelea kufuta kioo mpaka kengele ilipolia.